Chuma Kilicho Jikoni kwa Mama

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Mmeamkaje huko Vulamba? Miguu ya Mama inaendeleaje, na kifua chako kimepoa? Mimi mdogo wako nipo, baridi ya Ubelgiji haijanimaliza. Tangu juzi simu yako haiingii. Barua hii anaileta mama mmoja wa vitenge anayerudi Butembo. Nimemsihi afike kwako kabla ya kwake.

Unaijua kazi yangu, ile mnayoicheka kwamba nahesabu vitu visivyoonekana. Hapa labo, maabara yetu, tuna vyanzo vya mionzi, na kabla ya kusema kimoja kina nguvu kiasi gani, tunaijaribu nadharia ndani ya kompyuta. Tunarusha chembe za kubuni, mamilioni, tuone zinaangukia wapi. Anayezipokea ni mtu wa kubuni pia. Hana uso, na mwili wake wote ni maji.

Sasa ile picha ya jiko. Uliandika, "Chuma yenye Kakule alitosha Kamango iko muzuri, sufuria haiyumbe tena." Nilifurahi kwamba chuma alichokitoa Kakule huko Kamango kimekuwa figa la tatu, mpaka nilipoona kwenye picha vidoti vyeupe vimetapakaa kama unga. Nikadhani simu yako imeharibika. Nikatazama picha uliyopiga uani siku hiyo hiyo: safi kabisa. Halafu nikasikiliza tena sauti ya mdogo wetu Kakule: "Yaya, vidole vinaniunguza, lakini sikuguse moto hata kidogo."

Niliogopa, Yaya, maana mionzi huacha vidoti hivyo kwenye picha, na huunguza bila moto. Saa sita mchana wenzangu walipokwenda kula, nikalijenga jiko la Mama ndani ya kompyuta: ukuta wa udongo, mabati, mawe mawili na kile chuma. Nguvu yake sikuijua, nikaikadiria kwa vidole vya Kakule. Kisha nikamkalisha mtu wa maji kwenye kibao cha Mama, nikamwinamisha kidogo, kama Mama anavyopuliza moto. Kompyuta ikaanza kumpaka rangi kila mionzi ilipompenya, mikono kwanza, halafu kifua, halafu tumbo. Hakuna harufu, hakuna sauti. Yeye amekaa tu. Nikajikuta namwambia kwa Kinande, lugha yetu, ainuke.

Mkubwa wetu wa kazi aliporudi alitazama, akasema hesabu imekaa sawa. Siku nyingine neno hilo hutufurahisha. Mimi nilikuwa naomba iwe na kosa.

Najua Mama atasema, "Jiwe ya jiko habatoshake inje." Kweli, safari hii figa lisitolewe nje. Msikiguse, msikitoe, msikitupe mtoni. Tokeni ninyi. Fungeni mlango, majirani wakae mbali, mpelekeni Kakule hospitali mkamwambie daktari kuna chuma cha mionzi nyumbani, awaite wanaohusika. Na asizuke mtu kusema tumerogwa. Hakuna jirani aliyefanya hivi.

Nisalimieni Baba mdogo, mkulima wetu wa Kamango, na mumuulize nani mwingine alikishika chuma hicho. Salamu kwa shangazi Kanyere, aliyenisimamia ubatizo. Mwambie aniombee, sina nguvu ya kuomba mwenyewe.

Soma barua hii uani, kwa sauti, Mama asikie. Ukimaliza, asirudi mtu ndani, hata kuchukua kitenge. Kama sufuria iko motoni, acha maharagwe yaungue.

Mdogo wako,
Kavugho