Nyota Nyekundu Iliyopoa

Shikamoo, baba yangu. Marahaba yako siingoji. Niitikie huko huko uliko.

Leo alfajiri nimeiona tena ile nyota nyekundu inayofuata Kilimia, kile kishada cha nyota za msimu wa kulima, nikakumbuka kibanda chako cha uhunzi pale Nyantakara, enzi za Mwingereza. Mvua zilikuwa karibu, na wateja wawili kutoka Bisibo walikuwa wamelala kwetu, nao alfajiri walikuwa macho wakisubiri majembe. Binti haruhusiwi kusogelea fuawe, pale chuma kinapogongewa, kwa hiyo nilikaa mlangoni na daftari langu la shule ya misheni, nikijiona msomi kweli kweli.

Ukanyoosha kidole juu, kwenye nyota hiyo. "Ile imepoa, mwanangu. Ni mzee."

"Hapana, baba. Mwalimu amesema nyekundu ndiyo yenye moto kuliko zote."

Hukukasirika. Ulichomoa chuma motoni kwa koleo, kikiwa cheupe, ukakishika mbele yangu. Kikawa cha manjano, kisha chekundu. "Umeona? Chekundu kimeanza kupoa. Lakini rundo la makaa mekundu linaangaza kibanda chote. Kipande kimoja cheupe hakiwezi."

Kidole chako kilikuwa kimeshaelekea nyota nyingine, nyeupe, ndipo nikasema, "Hayo ni ya wahunzi. Wewe hujasoma." Wageni wakacheka. Ukashusha kidole, ukarudi kupuliza moto kwa mivukuto yako. Hukunionyesha tena nyota yoyote hadi ulipofariki.

Baba, nami nimekuwa mwalimu, hapa Kasulo. Miaka mingi baada ya kukuzika nilikuta kitabuni kwamba nyota ile ni mzee. Kuni zake za tumboni zimekwisha, imevimba ikalipita jua mara nyingi, uso wake umepoa, na bado inalishinda jua kwa mwanga kwa sababu ya ukubwa huo. Nililia peke yangu katika darasa tupu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, nawe uliyaona ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Siku hizi nawaambia wanafunzi kwamba baba yangu alilijua hilo zamani. Wakiuliza alisoma wapi, nawajibu, kwenye chuma.

Nisamehe, baba. Ile nyeupe nayo nimesoma habari zake, najua ina moto kuliko jua. Lakini wewe ulitaka kuniambia nini juu yake? Nimetafuta kila kitabu, sijaona.

Ni mimi, binti yako wa mlangoni.