Unga Mweusi wa Moreen

Pretoria, 9 Februari 2024

Dada Nerima,

Habari za Kampala? Mama anaendeleaje na miguu yake hapo Mbuya? Mimi mzima, ila chakula cha huku bado sijakizoea.

Maabara wamenipa kazi ya grafini. Ni kaboni iliyochanwa mpaka ikawa vipande vyembamba ajabu. Ukitia kidogo kwenye plastiki iliyoyeyuka, mtiririko wake unakuwa mzito. Ukizidisha, vipande vinashikana na plastiki inagoma kabisa, kama posho ya mahindi iliyolala sufuriani mpaka asubuhi. Lakini kifaa chetu kinapima kijiko tu. Nikakumbuka mashine yenu ya kutoa mabomba ya plastiki hapo Katwe. Ondiek, jirani yenu, anarudi huko wiki ijayo, nimempa pakiti ya unga. Nijaribie, uniandikie ulichoona. Jina lako nitaliweka kwenye shukrani.

Mdogo wako,
Moreen

Katwe, 2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Miguu ya mama imepungua kuvimba. Picha yako ya koti jeupe ameipeleka kanisani, na sasa kila anayenisalimia anauliza habari zako kabla ya zangu.

Unga umefika. Umenieleza grafini kana kwamba mimi sikusoma kemia. Tulisoma chuo kimoja, tukaomba nafasi moja ya huko Pretoria, wakamchukua mmoja. Ombi lako nani alikusahihishia? Leo wewe una maabara, mimi nachambua plastiki chakavu kwenye kiwanda cha Mzee Sadik, na ukinikumbuka unanipa shukrani.

Nitajaribu. Usinihimize.

Dada yako,
Nerima

Pretoria, 20 Juni 2024

Dada,

Naomba kimya hiki kisiwe ugonjwa. Nimeandika tena na tena, hujibu. Ondiek ananiambia mnatoa mabomba meusi na watu wanakuja kuyatazama. Kwa nini nisikie kwa Ondiek? Msimamizi wetu amempa Huguette, mwenzangu wa maabara, nafasi ya kusoma matokeo yake mkutanoni, kwa kuwa mimi sina ya kusoma. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Moreen

Katwe, 7 Julai 2024

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama anakula vizuri.

Mwanzo nilitia unga mwingi. Mashine ikanguruma, plastiki ikakwama mdomoni. Mzee Sadik akasema, "Nerima, hiyo dawa yako itaniulia mashine." Nikapunguza, nikapunguza tena, mpaka ikapita. Ikisukumwa kwa nguvu inateleza. Nadhani vile vipande vinalala kufuata mkondo. Ikishatoka nje, inashika umbo lake. Mabomba yetu ya zamani yalikuwa yanalegea na kubonyea kama yai kabla maji hayajayapoza. Haya yanatoka mviringo. Nilishika la kwanza likiwa bado na joto, nikalia mbele ya mafundi wote.

Wahandisi wa hapa wana mkutano Agosti. Nimewapelekea habari hii, wamenipa nafasi ya kuzungumza. Jina lililo juu ni langu. Lako nimeliweka kwenye shukrani.

Dada yako,
Nerima

Pretoria, 16 Julai 2024

Dada,

Msalimie mama.

Barua yako niliitupa chini, kisha nikaiokota nikasoma tena pale uliposhika bomba. Sikuwahi kukuonea wivu. Ulikuwa mtu wa kuonewa huruma, nami nilikuzoea hivyo. Sasa nakuona umesimama mbele ya wahandisi, na nakuonea. Unga ni wa maabara yetu na mimi ndiye niliyeutuma. Nimewaandikia waandaaji wa mkutano kuwaambia hivyo. Barua imeshaenda.

Mdogo wako,
Moreen

Katwe, 2 Septemba 2024

Moreen,

Sisi wazima.

Waandaaji waliniita, wakaniuliza kama unga ni wangu. Nikasema si wangu. Wakalifuta jina langu. Siku ya mkutano nilikwenda tu, nikakaa nyuma, nikamsikiliza mtu akieleza habari za saruji. Mzee Sadik alikuwa amekuja kunisikiliza, amevaa kanzu yake ya Idi. Alikaa kando yangu mpaka mwisho.

Unga umeisha. Nafasi ile ya kuzungumza hatukuipata, si wewe wala mimi.

Mama anauliza mbona siku hizi hatuandikiani. Nimemjibu kwamba kila mmoja ametingwa na kazi. Ukimpigia simu mwambie hivyo hivyo, maneno yetu yasipishane.

Nerima