Gugu Lililofanana na Ulezi

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba kwa shikamoo yako. Hapa Matai tu wazima, ila baridi inatuonea. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unasema quiet na quite yanakuponza kwenye mitihani, kwa kuwa yanafanana ilhali maana zake hazihusiani. Kiingereza sikijui, lakini nimeyatazama hayo mawili na siyaamini. Vitu vikifanana hivyo, mimi huuliza kipi kinajificha nyuma ya mwenzake.

Nilipokuwa msichana, shambani kwetu kuliota gugu lililofanana na ulezi jani kwa jani. Wakati wa palizi mama alinikataza kung'oa mche wowote niliokuwa na shaka nao.

"Ufunge kwa unyasi," alisema, "usubiri utoe suke."

Suke la ulezi hukunja vidole kama ngumi. La gugu hubaki na vidole vyembamba, vimenyooka. Tukishaona hivyo, tuliling'oa kabla halijapukutisha mbegu.

Mwaka mmoja baba mdogo, jirani yetu, alitucheka. Yeye alipita na jembe lake, akaondoa alichodhani ni gugu na kuacha alichodhani ni ulezi.

Basi nawe, neno likikutia shaka, lifunge unyasi kwanza. Soma sentensi mpaka mwisho, uone linatoa suke gani.

Mwaka ule shamba la baba mdogo lilikuwa safi kuliko yote kijijini. Tulipomaliza kuvuna, na kihenge chake cha nafaka kilikuwa safi vilevile: hata punje moja ya ulezi haikuwamo.

Bibi yako