Mbwa Aitwaye Muchaneta

Gutu, 6 Septemba 1987

Mama mkwe wangu,

Farirai ametoka sasa hivi kumvisha jogoo kofia yako, ile ya sufu uliyoisahau msumarini. Niligeuka kuchochea moto tu, na kugeuka tena namwona jogoo anapita mlangoni na kofia shingoni, mjukuu wako yuko nyuma yake kapiga magoti, anampigia makofi ya heshima na kumwambia, "Umeamkaje, Bibi?" Nimecheka hadi nikakaa chini. Kofia nimeshaifua, usiwe na wasiwasi.

Nami nakupigia makofi, Mama, nikiwa nimepiga magoti hapa jikoni, karatasi iko juu ya kinu nilichokifudikiza. Sisi tu wazima kama na ninyi huko Gweru mu wazima. Wifi Sekai ananyonyesha vizuri? Kitovu cha mtoto kimedondoka? Mwanao Tongai aliandika kutoka machimboni, anasema kifua kimeacha kumbana.

Nina neno moja na naliogopa kidogo. Ni habari ya Muchaneta. Nikimwita aje kula makombo ya ugali, Mama Netsai anainuka barazani kwake, anaingia ndani na kufunga mlango. Muchaneta, yaani mtachoka. Wewe unajua ulimpa mbwa jina hilo ili nani alisikie. Siku Mama Netsai alipoicheka pombe yako ya tambiko ilipochacha, mimi nilikuwa bado kwetu, sijaolewa. Lakini sasa ndiye ninayechota naye maji kisima kimoja. Nikimwita mbwa jina jingine, utakasirika?

Halafu mwisho wa mwezi wanakuja kuchanja mbwa joshoni. Baba Netsai ndiye anayeshika kitabu, na kila mbwa hutajwa jina kwa sauti mbele ya watu. Nitasimamaje pale nitaje hilo? Ningependa achanjwe, kwa sababu juzi mbweha aliingia kwenye mbuzi mchana kweupe, hakuogopa mtu. Muchaneta alipigana naye, akapasuliwa sikio.

Nangoja neno lako.

Mkwe wako,
Shuvai, mama Farirai


Gweru, 19 Septemba 1987

Mkwe wangu,

Barua yako dereva wa basi kanipa mkononi, ina mafuta ya karanga hadi kwenye stempu, nikajua umeandika mtoto akiwa mapajani. Tu wazima. Kitovu kimedondoka. Mtoto wa Sekai analia kama mtu anayenadi ng'ombe, baba yake analala na mto juu ya masikio.

Sasa sikiliza. Mbwa habadilishwi jina. Marehemu baba mkwe wako alikaa na ugomvi wake kimyakimya, ukamuua. Mimi wangu nimeupa miguu minne na mkia, ukimbie uwanjani nipumzike. Mwite asubuhi na jioni, na ule mwisho wa jina uuvute hadi mlimani. Yule akiingia ndani, vizuri, ndani kuna ubaridi.

Joshoni usiende. Mwaka jana Baba Netsai aliweka kalamu chini mbele ya watu wote, akasema, "Mama Tongai, tuletee mbwa, matusi yaache nyumbani." Watu wakacheka. Nikarudi na mbwa wangu hajachomwa sindano wala hajafa. Siwezi kuomba wino wa mtu yule.

Na yeyote akikuuliza, awe nesi, awe polisi, awe jumbe, sema mbwa amechanjwa Gweru. Wasiochanjwa wanapigwa risasi. Sikio lake lipake majivu, litakauka.

Mbusu mjukuu wangu kwenye shavu lile nene.

Mama yako mkwe


Gutu, 21 Oktoba 1987

Mama,

Nakupigia makofi. Leo sitaweza kuandika kwamba tu wazima, nitaandika kwamba tunapumua.

Muchaneta amemuuma Farirai. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mtoto alikuwa kizingitini anakula uji wa siagi ya karanga. Mbwa alikuwa amelala chini ya ghala tangu jana yake, ugali kaukataa. Farirai akampelekea kijiko, kama anavyompelekea siku zote. Mbwa hakubweka, hakunguruma. Alimshika shavu.

Nilipiga kelele, Muchaneta, Muchaneta, huku nakimbia kutoka kwenye tuta la mboga. Mama Netsai alikuwa shambani kwake, pale pale karibu na ua. Nilimwona ananyoosha mgongo. Kisha akainama, akaendelea kulima. Mama, nimeshindwa kumlaumu. Tangu niolewe nimemwita mbwa yule kila siku kama ulivyotaka, na yeye kila siku akajifunza kutosikia. Mtoto alipolia ndipo alipotupa jembe. Alimpiga mbwa kwa mchi wangu hadi akamwachia. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto kiunoni, namvuta.

Yeye ndiye aliyefunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Alimwosha mtoto damu kwa sabuni yake hadi kipande kikaisha, njia nzima akamshika kichwa kisitikisike, anamwambia, "Baba, usilale, niambie jogoo wenu anaitwa nani." Farirai akasema, "Bibi." Nikacheka na machozi yananitoka.

Zahanatini nesi, Sista Makaza, aliuliza mbwa ni wa nani. Nikasema wetu. Akauliza amechanjwa? Mama Netsai akanitazama. Mumewe ndiye mwenye kitabu, anajua kila kitu. Nikalikumbuka neno lako, nikasema amechanjwa, Gweru. Sista akaandika. Akamshona mtoto, akatupa vidonge, akasema basi, hakuna haja ya sindano za kichaa cha mbwa.

Njiani Mama Netsai alisimamisha ng'ombe. Akaniambia, "Shuvai mwanangu, ng'ombe hawa wanajua kugeuka. Sema neno moja tu, nitageuza." Nikasema, "Hapana, Mama, ndivyo ilivyo." Alisubiri kidogo, kisha akawapiga ng'ombe.

Mbwa tulimfunga kwa kamba. Asubuhi kamba imekatwa, hayupo.

Mama, naomba ruhusa nirudi kwa Sista nimwambie kweli. Sipati usingizi. Niandikie upesi, basi linarudi Ijumaa.

Mkwe wako,
Shuvai


Gweru, 30 Oktoba 1987

Mkwe wangu,

Sekai amenisomea barua yako mara tatu na mara zote tatu nilitoka nje. Mjukuu wangu, shavu lake.

Unataka kujua nani ana kosa? Kosa ni la yule aliyesikia akainama. Mtu mzima anasikia mama anapiga kelele, yeye anapalilia. Mpeleke kwa jumbe akaseme hivyo mbele ya watu, tuone kama atacheka kama alivyoicheka pombe yangu. Habari ya sabuni na mkokoteni usiniandikie, hiyo ni haya ya aliyechelewa.

Muchaneta hana kichaa. Nimemlea mimi, maziwa nilimnyonyesha kwa kidole. Alikuwa anaumwa sikio, akaletewa kijiko usoni. Hata mimi ningeuma.

Kwa nesi usiende. Ukisema ulimdanganya wataita polisi, wakufunge, na mtoto abaki na nani? Na watasema ni mimi niliyekufundisha. Nisubiri. Mwisho wa Novemba Sekai atakuwa na nguvu, nitakuja, nitakwenda mwenyewe, maneno ya kusema ninayo.

Kidonda kikandwe kwa maji ya chumvi. Mwambie Farirai nimemnunulia koti jekundu lenye mifuko miwili.

Mama yako mkwe


Gutu, 14 Novemba 1987

Mama mkwe wangu,

Nakupigia makofi. Tongai sijamwandikia bado, nataka nimwandikie habari ikiwa imekwisha vizuri. Kidonda kimefunga. Kimebaki kovu dogo, limejikunja kama ukwaju mbichi. Mvua ya kwanza imenyesha, na Farirai alikimbia nayo uchi akinidhihaki kwamba mimi naogopa kulowa.

Nilikutii wiki mbili. Juzi nimeshindwa, nisamehe. Wanawake waliokwenda kuchuma matunda ya mazhanje porini ng'ambo ya mto walisimulia kisimani. Walisikia kwa watu wa kule kwamba mbwa wa kahawia, sikio limepasuka, alipita kijijini kwao taya limening'inia, mate yanamtoka, akauma ndama wawili, akafa mtaroni. Nilitua ndoo. Mama Netsai alikwenda kufunga ng'ombe.

Sista Makaza nilimwambia yote, na habari ya mbweha pia. Nilidhani atanifokea. Aliweka kalamu mezani, akaitazama, akasema, "Ungeniambia siku ile, mdogo wangu," kisha akainuka akaenda kupiga simu mjini. Hakuita polisi. Sindano zinakuja na basi la kesho. Alisema kidonda cha usoni hakina subira, na kwamba mtoto akianza kuogopa maji, tusingoje basi, tumbebe saa hiyo hiyo.

Jana tuliitwa kwa jumbe. Akauliza, hili ni la nani? Baba Netsai akasimama kwanza. Akasema, "Mimi nilikataa kuandika jina la mbwa. Ni wino tu. Ningeliandika, mbwa angechanjwa." Mama Netsai akasema, "Mimi nilisikia, nikainama." Mtu mmoja nyuma akasema na mbwa naye aitwe aje ajieleze, watu wakamzomea. Kisha wakanitazama mimi. Nikasema mdomo uliomwambia nesi amechanjwa ni wangu, hakuna aliyenishika ulimi. Nafasi yako niliiacha wazi, Mama, sikuisemea.

Jumbe hakuhukumu. Alisema mtoto apate sindano kwanza, mengine yatangoja.

Mimi naamini atapona. Tangu jana anasema shavu linamwasha, na leo ameamka na joto kidogo, lakini kidonda kinachopona si ndivyo huwasha? Wewe umelea sita, unajua. Shati lake safi la kesho nimeshalikunja. Najua atalia kwenye sindano ya kwanza, halafu atamwomba Sista ile chupa tupu achezee.

Sasa hivi amelala kwenye mkeka barazani kwa Mama Netsai, mimi nimekaa hapa uani nawaona. Tunashinda pamoja siku hizi. Jana alinionyesha jinsi anavyotengeneza pombe yake isichache, akasema siku ile yako hakuicheka kwa chuki, alicheka kwa sababu yake ilikuwa imechacha wiki iliyotangulia na akaona ahueni kwamba si yeye peke yake. Alisema, "Sikuwahi kupata pa kumwambia, mbwa alikuwa anaitwa kila nikikaribia."

Kwa hiyo ukija, Mama, ninakuomba upite kwake kabla hujafika kwetu. Upige makofi pale langoni. Ataitikia, ameniambia ataitikia. Na usije mwisho wa mwezi, njoo sasa, kwa sababu Farirai anauliza

Mama Netsai ananiita. Anasema mtoto ameamka, amempa maji ameyasukuma, anapiga kelele akikiona kikombe. Ngoja nikampe mimi, labda ni usingizi tu, mkononi mwangu huwa hakatai, mkononi mwangu huwa