Ulikula, Mama, na Ulifurahi

Mama yangu,

“Mama hakugusa chakula cha Wazungu mpaka anaingia kaburini, na asingekubali mjukuu wake akipike.” Ndivyo alivyosema Kaka Nassor Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake Aziziya, Jeddah, mbele ya ukoo mzima, na kaka zangu wengine wakaitikia kwa vichwa. Binti yake Nassor, Ruwaida, yule uliyemlea mgongoni, amepata kazi ya upishi katika mkahawa wa Kiaustria huku Riyadh. Wenyewe wanataka jawabu Jumapili. Baba yake amekataa, na amekataa kwa jina lako.

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba hakuna anayesingiziwa maneno kirahisi kama marehemu, maana hawezi kunyanyua mkono akasema si kweli. Basi nanyanyua wa kwangu. Si kweli.

Unakumbuka siku niliyokupeleka kwenye mkahawa huohuo? Ulikuwa umekuja kwangu Al-Malqa kupumzika. Ulikaa wima kama uko ukweni, ukauliza kama nyama yao ni halali. “Khala, uko Riyadh!” mhudumu akakujibu, akicheka, akikuita mama mdogo kwa Kiarabu. Kisha ikaja sahani ya kwanza. Ukaitazama, ukanitazama mimi.

“Sahani kubwa kama sinia, chakula cha kumwonjesha mgonjwa! Hawa wanapika au wanachora?”

Wakamimina supu ya ng'ombe mezani pale pale, juu ya vipande vyembamba vya unga. “Ati, hizi si chapati za maji? Wamezikata tambi tu.” Ukainywa mpaka ukainamisha bakuli. Kikaja kipande cha nyama ya ndama, kimepondwa kikawa chembamba, kimekaangwa ndani ya chenga za mkate hadi ganda limevimba, na pembeni jamu ya matunda mekundu. “Jamu na nyama? Wamerogwa.” Ukachovya kidogo. Ukachovya tena. Ukavuta kibakuli chote upande wako, mimi nikala nyama kavu.

Hapo ndipo simu yako ilipolia. Kaka Nassor, kama ilivyokuwa ada yake kila baada ya Adhuhuri: “Mama, mmekula nini?”

Nawe, tonge la ndama bado lipo shavuni, ukajibu bila kupepesa macho: “Wali wa nazi, mwanangu. Na changu wa kukaanga.”

Nilikucheka. Ukanikazia macho. “Nyamaza wee! Yeye ndiye anayenihangaikia Jeddah nzima nipate nazi. Nimwambie nimeona kitamu kuliko chake? Atasononeka bure.”

Tangu hapo kila ulipokuja Riyadh uliniuliza tunakwenda lini, na kila tulipokwenda Nassor aliambiwa wali. Hukuwa na nia mbaya. Ulikuwa unamtunza mwanao. Leo kaigeuza huruma ile kuwa sheria, na anamfungia nayo binti yake, ambaye hata hukuwahi kumkataza kuchungulia chunguni.

Nakukumbuka, Mama. Simkumbuki yule wa hotuba za Aziziya, mwenye tasbihi na chungu kimoja. Namkumbuka aliyekuwa akivua viatu chini ya meza, akiwateta wateja wa meza ya pili kwa Kiswahili huku akiwatabasamia. “Mwone huyo, kavaa miwani ya jua ndani. Anaogopa supu itamwangaza?” Huyo ndiye mama yangu. Wanapomfanya mtakatifu, mimi wananinyang'anya.

Barua hii naituma kwa ukoo mzima, basi nimeitoa siri yako hadharani, na ugomvi wake niachie mimi. Pumzika, Mama. Mungu akupe nuru hapo ulipo, na wasaa, na majirani wa kuzungumza nao.

Na wewe, Kaka Nassor, nanyi kaka zangu mlioitikia: acheni kumsemea mama. Kama hamtaki Ruwaida afanye kazi hii, semeni ni nyinyi msiotaka, kwa vinywa vyenu na majina yenu, huku mnamtazama usoni. Mkishindwa hilo, mpeni ruhusa kabla ya Jumapili.

Mwanao wa kati,
yule uliyezoea kusema hanyamazi