Musimamizi wa Depo ya Kazimia

Kaka Dieumerci,

Huku Baraka tuko wazima, mvua imeanza. Duka yetu sasa iko na programu ya kompyuta ya kufuata vitu vinavyoingia na kutoka, na jana nilikuwa naingiza depo zetu mbili za kuweka vitu. Kwa ile ya Kazimia ikadai jina la musimamizi. Nikamuuliza baba. Akasema, "Andika Dieumerci."

"Baba, si ulimufukuza juu alioa binti wa kabila ingine, wa kule Minembwe?"

"Najua. Andika na Gatesi, muke wake. Nilipoteza mutoto wangu bure."

Akatoka inje akilia.

Hakunituma nikuandikie. Lakini leo asubuhi ameenda Kazimia mwenyewe kufungua nyumba yenu iliyofungwa tangu alipowafukuza, na amebeba jembe ya kutoa majani mulangoni.

Mudogo wako anayewangojea,
Émilienne