Fundi Nandonde na Kinyago cha Baba Yake

Ufukoni, Mtwara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, kile kifua kimekuachia, au bado unakohoa makusudi ili Mama akupikie uji wa maziwa? Sisi huku wazima. Baba Eliya yuko na kazi yake bandarini, na watoto sasa wanajua Kimakonde kuliko Kisambaa. Joto ni lile lile, nimechoka kulilalamikia.

Leo, Baba, nakuandikia kifua mbele!

Tuna jirani mchonga vinyago, fundi Nandonde, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na mkewe na watoto wakikimbia vita ya Msumbiji. Anachonga mashetani ya mpingo, mengine yana jicho moja, mengine masikio ya popo. Wageni wa melini wanayagombea, na nyumba yake inakula. Mwaka huu akaingia darasa la ubatizo. Basi mzee wetu mmoja wa kanisa, karani asiyevua tai hata jua liwake vipi, akasimama kikaoni: "Achome mashetani yake yote, la sivyo habatizwi."

Nikawafikiria wale watoto, watakula nini? Nikasimama, mimi binti yako, mbele ya wanaume wote wale! Nikawasimulia ulivyong'oa nguzo za kibanda cha mizimu ukajengea banda la kuku, majirani wakingoja ufe, na kuku wakazidi kutaga. "Vya Nandonde ni bidhaa," nikasema. "Nani anavisujudia? Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi." Kina mama wakapiga vigelegele, karani akanuna.

Nandonde hakufurahi. Aliinamisha kichwa, kisha akasema taratibu, "Mama Eliya, umenitetea, ahsante. Lakini kiko kimoja kinanitisha. Hicho sikukichonga mimi."

Akatoka, akarudi na furushi la kaniki. Mkewe, aliyekuwa amekaa nasi, alipoliona akapiga yowe na kujifunika khanga uso mzima. Huku, Baba, kinyago cha ngoma ya mapiko mwanamke hakisogelei. Mchezaji akikivaa, wanawake huambiwa ni mfu amefufuka, nao hukimbia. Siri yake wanaume hufundishwa jandoni, na ole wake atakayeitoa. Hiki kilikuwa cha marehemu baba yake. Siku ya kuvuka mto waliacha vyungu na mikeka, hiki akakibeba.

Akakifungua. Uso wa mtu kabisa, una hata nywele za kweli! "Shika, Mama," akaniambia. Sikufichi Baba, nilisali kimoyomoyo kwanza. Nikakipokea. Chepesi! Ni mti uliokombwa ndani, basi. Nikamwita mkewe, "Njoo uone, hakina uzito hata wa kibuyu."

Akaja akishusha khanga kidogo kidogo, akakigusa pua. "Ndicho hiki?" akamuuliza mumewe. "Tangu msichana nakimbia hiki?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Nandonde akalia waziwazi mbele ya wazee. Alikichoma mwenyewe jioni ile ile, bila kuambiwa na mtu. Habari ya mashetani ya mpingo karani hakuigusa tena.

Jumapili iliyopita alibatizwa, nami nilikaa benchi la mbele.

Nisalimie Mama, umwambie zile mbegu za maharage zimekataa mchanga wa huku. Msalimie kaka mkubwa na shemeji, na shangazi anayedai nimemsahau. Sijamsahau, aache maneno.

Na wewe Baba una salamu zako peke yako, zinatoka kwa somo wako. Mchungaji alipomuuliza Nandonde jina alilochagua, hakutaja Petro wala Paulo. Alinigeukia, akauliza kanisa zima likisikia, "Yule mzee wa banda la kuku anaitwa nani?"

Nikalitaja kwa sauti.

Ni mimi bintiyo,
Naomi binti Zakaria